Chupa za Mengineyo

Kama unadhani umewahi kumjua mtu msafi, basi hukumjua Mzee Kibano. Wewe unafua shati, yeye alikuwa anafua mpaka kamba za viatu. Wewe unafuta meza, yeye alikuwa anaipindua miguu juu ili aifute na chini, halafu anakuangalia wewe uliyekaa tu hapo, mpaka unaona haya mwenyewe unaondoka. Na mdomo wake ulikuwa hivyo hivyo. Miaka sitini aliyokaa duniani, hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno chafu. Akijigonga nyundo kidoleni husema, "Ala, samahani," sijui anamwomba radhi nani, kidole au nyundo. Akitaka kwenda chooni husema anakwenda kunyoosha miguu, na mkewe, ambaye hana subira na upuuzi, humjibu mbele ya wageni, "Nyoosha, lakini umwage maji."

Jina la Kibano alipewa kazini, likamkaa kama kofia yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa katika taasisi ya utafiti wa bahari, chumba namba tatu, ghorofa ya chini: hadubini moja, taa moja, kigoda chenye mto alioushona mkewe, na kibano cha chuma chembamba ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Katibu muhtasi alikitumia siku moja kuchomoa mwiba kidoleni. Kibano alikichemsha mara tatu, na mama wa watu akanuniwa mwezi mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huko baharini, mita elfu moja kwenda chini, mahali ambapo jua halijawahi kufika, taasisi ilikuwa imening'iniza mtego. Usifikirie wavu. Huu ulikuwa faneli kubwa, mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, mdomo umeangalia juu, na chini yake vikopo vinavyobadilishana zamu vyenyewe kila baada ya wiki mbili. Chochote kinachoanguka kutoka juu kinaingia humo: mabaki ya mwani, maganda, makamasi, vumbi la kila aina. Kila miezi sita meli inakwenda kuvipandisha vikopo, vikiwa vimejaa dawa ya kuzuia kuoza. Taabu ilikuwa moja. Wadudu wadogo wa baharini, ukubwa wa viroboto, walikuwa wanaogelea kwa miguu yao wenyewe mpaka ndani ya kikopo, dawa inawaua humo humo. Sasa hao hawakuanguka, walikuja kutembea. Ukiwahesabu na hao ni kama kuhesabu waombolezaji pamoja na maiti. Kwa hiyo Kibano alikaa pale, jicho kwenye hadubini, akimtoa mdudu mmoja mmoja, na kilichobaki kinakaushwa, kinapimwa kina kaboni kiasi gani, na hesabu inapanda juu kwa Dokta.

Dokta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye kalamu tatu nywelini na ya nne anaitafuta. Alikuwa na bahari yake ndani ya kompyuta, na usicheke, maana ndiyo bahari pekee aliyoiweza. Ya kweli alikuwa hata haisogelei. Huyu alitapika kwenye bembea akiwa mtu mzima. Lakini ndani ya ile kompyuta, mama, alikuwa nahodha. Aliunda modeli ya kuonyesha jinsi chembe zinavyozama: zipi zinakwenda haraka, zipi zinajikokota, ngapi zinaliwa na bakteria njiani, na ngapi zinafika chini na kaboni yake. Maana kaboni ikishafika kule chini inakaa mamia ya miaka bila kurudi hewani kutuunguza. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea hesabu hiyo, na hesabu ilikuwa imegoma.

Modeli ikisema kumi zimefika, chupa za Kibano zinasema tano. Dokta alizipunguzia chembe mwendo. Akawaongezea bakteria njaa. Akahamisha mikondo ya maji kama mtu anayehamisha makochi sebuleni. Wapi! Miaka minne alihangaika, na kibaya zaidi, chupa za zamani, za kabla ya miaka kumi na moja iliyopita, zilikubaliana na modeli vizuri kabisa. Mwisho alikata tamaa, akaandika kwenye ripoti kwamba bahari imebadilika. Bahari nzima, jamani, imebadilika ghafla, mwaka ule ule alioajiriwa Kibano. Na watu wazima wenye shahada zao walisoma sentensi hiyo, wakatikisa vichwa kukubali, wakapiga mhuri.

Kibano alikuwa anastaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo Dokta alimpigia simu. "Mzee wangu, utaondoka hujaiona bahari yangu? Njoo juu japo dakika tano."

Kibano alipanda, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Dokta alibonyeza kitu, na kwenye kioo vidoti vikaanza kushuka, vyeupe, taratibu, vingine vikiishia njiani.

"Hivi vyeupe ni vumbi la mwani," alisema Dokta. "Vinachukua miezi mitatu kufika kwenye mtego wetu. Vingi vinaliwa kabla."

"Na hivi vyeusi vinavyokimbia?"

"Ah, hivyo ndivyo mabingwa! Vinafika kwa siku kumi tu, bakteria hawavipati. Nusu ya kaboni inashuka navyo. Hayo ni mavi ya wadudu, Mzee. Samahani kwa lugha."

Kibano alitazama vidoti vyeusi. Masikio yalimwaka moto.

"Tatizo langu," Dokta aliendelea, "kwenye sampuli zako hayapo. Hata punje! Sijui yanapotelea wapi. Nimefikiri labda kuna samaki anayeyadaka njiani." Akacheka. "Unajua hicho kitu kimeninyima usingizi miaka minne?"

Kibano alisema anakwenda kunyoosha miguu, akashuka ngazi na viatu mkononi.

Alikuwa anajua yalikopotelea. Yalipotelea chini ya kitanda chake.

Siku yake ya kwanza kazini, miaka kumi na moja nyuma, aliyemtangulia alimpa mafunzo ya dakika ishirini, maana alikuwa na haraka ya kwenda zake. Kibano aliona kwenye hadubini vijiti vidogo vya kahawia, mamia, akauliza ni nini. Yule bwana alisema, "Mavi ya wadudu," akacheka, akachukua mkoba wake, akaondoka jumla. Basi Kibano akabaki na kikopo chake. Alikitazama, akawaza. Hiki kikopo kinapanda juu kwa wasomi. Watakifungua watu wazima, wenye heshima zao, wengine mama za watu. Na chini ya karatasi kuna sahihi yangu mimi. Sasa mimi, niliyelelewa na mama yangu nikaleleka, nimpelekee mtu mavi? Adabu gani hiyo? Akachukua kibano, akayatoa yote, moja moja, pamoja na wadudu wenyewe. Siku nzima ilikwisha. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa "Hali ya sampuli", akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Safi kabisa. Na hivyo ndivyo alivyoandika kwa miaka kumi na moja, na kila mwaka Mkurugenzi alimsifu mbele ya wenzake kwamba hajawahi kuona sampuli safi kama hizo. Hakika, angeziona wapi!

Ila kutupa hakutupa, kwa sababu sheria ya taasisi ilikuwa kwamba hakuna kilichotoka baharini kinachotupwa bila fomu ya Mkurugenzi, na kwenye fomu unatakiwa kutaja unachotupa. Aandike neno lile? Apeleke kwa Mkurugenzi? Afadhali afe. Kwa hiyo aliyaweka kwenye vichupa vya ukubwa wa kidole, na dawa yake, akabandika karatasi yenye tarehe na kina, na chini ya tarehe aliandika lile neno la mwisho kwenye ajenda za vikao: Mengineyo. Kabati lilipojaa alivihamishia nyumbani. Vilifika mia mbili themanini na sita, kwenye makasha chini ya kitanda, upande wa mkewe. Mke alikuwa anaviita "mke mwenzangu". "Leo nimefagia mpaka kwa mke mwenzangu," atasema, na Kibano atajitia hamnazo.

Jumanne alipanda tena juu. Alisimama mlangoni kwa Dokta, akakohoa.

"Dokta, kuna mengineyo."

"Mengineyo gani, Mzee?"

"Yaani... yale. Ya huko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Basi, endelea na kazi," alisema Kibano, akashuka. Alikuwa amelowa jasho mpaka soksi. Si neno tu lililomkaba. Ijumaa kulikuwa na sherehe ya kumuaga, na cheti, na mama mkwe wake amealikwa. Akisema, jina lake linakwenda na maji: yule mzee msafi, kumbe ndiye aliyeharibu kazi ya watu kwa miaka kumi na moja. Akinyamaza siku tatu tu, anaondoka na heshima yake imepigwa pasi. Siku tatu si nyingi, alijiambia.

Jumatano Dokta akashuka mwenyewe chumba namba tatu. Alikaa kwenye kigoda bila kuuliza, jambo ambalo si la kawaida.

"Wameifunga modeli yangu, Mzee. Mkurugenzi amesema inapingana na sampuli safi kuliko zote alizowahi kuziona, kwa hiyo mwenye kosa ni mimi. Kuanzia mwezi ujao nahamia kitengo cha samani."

"Kufanya nini?"

"Kubandika namba kwenye viti." Alicheka. "Eti navijua vizuri kwa sababu nimekaa sana."

Kalamu moja ilimchomoka nywelini ikaanguka sakafuni, naye hakuiokota. Kibano aliinama, akaiokota, akaifuta kwa kitambaa, akampa. Kifua kilimuuma kweli kweli.

Jioni hiyo hata chakula hakikupita. Mkewe alimtazama, akavuta kiti.

"Una nini wewe?"

"Mama watoto, mtu akiwa amekosea miaka mingi bila kujua, halafu akajua zimebaki siku mbili aagwe..."

"Ni mwanamke?"

"Hapana!"

"Basi ni hizo chupa. Nilijua! Mtu mwenye akili hafichi vitu asivyoweza kuvitaja." Akasimama kuondoa sahani. "Sasa nikwambie. Una mpaka Ijumaa kusema ulichonacho tumboni. Jumamosi asubuhi mimi nazimwaga zote. Umestaafu, na mke mwenzangu naye astaafu."

Ijumaa ikafika. Ukumbi wa mikutano ulipangwa viti, soda kwenye ndoo za barafu, na maikrofoni inayopiga mluzi kila ikiguswa. Mbele kabisa alikaa mama mkwe, miaka themanini na miwili, sikio moja zima, nguo imenyooka kama karatasi. Huyu ndiye mtu ambaye Kibano hajawahi hata kupiga chafya mbele yake bila kutoka nje kwanza. Mkurugenzi alisema kwa nusu saa. Usafi, usafi, usafi. Alisema kama kila mfanyakazi angekuwa na usafi wa Mzee Kibano, taasisi ingekuwa mbali. Kisha akainua cheti kilichotiwa fremu, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu: Kwa Usafi Uliotukuka.

Kibano alisimama. Alichukua maikrofoni, ikapiga mluzi.

"Mkurugenzi, mama mkwe wangu, mama watoto, Dokta, na wenzangu. Usafi huo mliousifu ndio kosa langu." Watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. "Msicheke. Kuna vitu nilikuwa navitoa kwenye sampuli ambavyo sikutakiwa kuvitoa. Vitu vya wadudu. Vile ambavyo mdudu akishakula... baadaye... anaviacha nyuma yake."

"Mayai?" aliuliza mtu wa mstari wa nyuma, kwa nia ya kumsaidia.

"Si mayai. Ni... haja."

"Haja gani, Mzee?" aliuliza Mkurugenzi.

Kibano alitazama dari. Alimtazama mama mkwe. Kisha akamwona Dokta, amenyanyuka nusu, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, kimoja kati ya vile ambavyo mwezi ujao angevibandika namba. Mzee wa watu akajikaza kisabuni, akafumba macho.

"MAVI!"

Maikrofoni ililibeba neno mpaka kwenye maegesho, madereva wakageuka.

"Amesema nini?" aliuliza mama mkwe.

"Mavi, mama!" mkewe alimpigia kelele kwenye sikio zima.

"Ya nani?"

"Ya wadudu wa baharini, mama," alisema Kibano, na sasa bomba lilikuwa limefunguka, halifungiki tena. "Mavi ya wadudu! Nimeyatoa moja moja miaka kumi na moja kwa sababu niliona haya kumpelekea mtu mwenye heshima zake mavi. Dokta hakukosea. Modeli haikukosea. Bahari haikubadilika hata kidogo. Ni mimi. Mavi yote yalikuwa kwangu."

Akaweka maikrofoni mezani, akasubiri kufukuzwa.

Dokta alikuwa ameshafika mbele. Hakujua alivyofika, aliruka watu. "Mzee wangu," alisema, "umeyatupa?"

"Nitayatupaje bila fomu?"

"Yako wapi?"

"Chini ya kitanda changu!" mkewe alijibu kwa ukumbi mzima. "Makasha saba! Njooni na gari!"

Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu, na Dokta alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, amemshika Mzee mkono, haachii. Mkurugenzi alibaki na cheti chake cha dhahabu, anakitazama, hajui akitoe au akifiche nyuma ya kiti.

"We kijana," mama mkwe alimwambia Mkurugenzi, ambaye ana wajukuu, "mpe mtu karatasi yake, soda zinapata moto."

Akampa.

Mambo ya samani yakasimamishwa kwanza, na Kibano, mstaafu kamili, akarudi chumba namba tatu siku ya Jumatatu saa mbili kamili, pamoja na makasha yake. Kwa wiki tatu alifanya kazi ya kurudisha alichokitoa. Kila kichupa kilipimwa kaboni yake, na hesabu ikajumlishwa na ya tarehe yake. Huko juu Dokta alizirudishia chembe zake mwendo wa zamani, akawaondolea bakteria ile njaa ya kubuni, na kila siku doti za vipimo kwenye mchoro zilipanda moja moja, zikakaa juu ya mstari wa modeli kama zilikuwa zinangoja kuitwa. Kibano alikuwa anapanda kuziangalia. Viatu havui tena.

Doti moja iligoma. Mwaka wa saba, mwezi wa sita, nusu ya kwanza. Ilibaki chini peke yake, na Kibano akahesabu vichupa mara nne: mia mbili themanini na tano. Alijilaumu mpaka akapungua uzito. "Nilipewa kazi ya kutokupoteza," alimwambia Dokta, "nikaiharibu kwa kutoa, sasa nimeiharibu na kwa kupoteza." Dokta alimwambia doti moja kati ya mia mbili si kitu. Hakusikia.

Alhamisi moja mkewe alikuwa anafagia chini ya kitanda, sasa peupe, ufagio unapita bila kugonga kitu, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa linampa upweke kidogo ingawa hakulisema kwa mtu. Ufagio ukagonga kioo. Kichupa kilikuwa kimebingirika mpaka nyuma ya mguu wa kitanda, ukutani. Hakumpigia simu mumewe. Alivaa nguo ya kutokea, akakifunga kwenye leso, akaenda mwenyewe, amekishika kifuani kwa mikono miwili njia nzima. Mapokezini alikuwapo dada mgeni.

"Nimeleta mavi ya mume wangu," alisema mama. "Ya mwaka wa saba."

Dada alimwelekeza kwa upole kwamba hospitali ni barabara ya pili, mkono wa kulia. Ilibidi Dokta ashuke mbio kuwatenganisha.

Kipimo kilichukua saa mbili. Mke na mume walisimama nyuma ya kiti cha Dokta wakitazama kioo, na doti ile ikaruka, ikaenda kukaa juu ya mstari katikati ya wenzake. Dokta alichomoa kalamu nywelini akampa Mzee, kwa sababu fomu ilikuwa inahitaji sahihi na kichupa kilihitaji kuandikwa upya.

Kibano alikigeuza kichupa mkononi. Karatasi ya zamani ilikuwa bado imeshika: tarehe, kina, Mengineyo. Aliibandua kwa ukucha, akafuta gundi, akabandika mpya, akaweka tarehe na kina. Halafu, mkewe akichungulia juu ya bega lake, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, herufi kubwa mwanzoni: Mavi.